Wajukuu wa Bi Mkubwa 🌴

ALHAMISI

Zuhura 19:04
Assalam aleikum nyote. Jumapili tunakwenda mzunguko wa Sabaki. Tunashukia darajani, tunafuata mto upande wetu huu chini ya mikwaju na mikoma mpaka unapoingia baharini, tunarudi kwa juu kupitia matimbo ya zamani yalikokatwa mawe, tunatokea darajani tena. Saa kumi na moja u nusu alfajiri kila mtu awe pale, jua lisitukute. Andikeni majina.

Zuhura 19:31
Naona mmesoma watu kumi na nne. Majina sifuri.

Twalib 19:33
Mie nipo. Chai ipo?

Zuhura 19:33
Ushaanza.

Mwanaisha Mombasa 19:40
Watoto wanauliza, ndio ule mto unaotia bahari rangi?

Zuhura 19:42
Ndio huo. Huko juu ni Galana, ukifika kwetu ni Sabaki. Unashuka na udongo wa bara wote, ndiyo maana mvua zikinyesha bahari ya Malindi inakuwa kama chai ya maziwa. Waje waone inapotiliwa.

Twalib 19:43
Basi chai ipo. Tubebe sukari.

Salim 19:50
Viatu gani?

Zuhura 19:51
Vya kufunga. Si ndara. Omari anajua.

Omari 19:55
Naomba tusizungumzie ndara.

Twalib 19:55
😂😂😂 Moja bado iko Mambrui inatafuta mwenzake

Zuhura 20:02
Mkubwa 300, watoto bure. Hapo kuna tuktuk mbili, maji, mandazi na viazi karai. Nitumieni mimi.

Rukia 20:15
Kabla ya 300 ya Sabaki, ile 500 ya safari ya Marafa iliishia wapi?

Zuhura 20:16
Rukia.

Rukia 20:18
Nauliza tu dada. Watu kumi na mmoja, 5,500. Gari 4,000, dereva nilimsikia kwa masikio yangu.

Zuhura 20:19
Kiingilio hukukihesabu.

Rukia 20:21
Kiingilio alitoa marehemu shangazi kwa mkono wake, Mola amrehemu. Nilikuwa nimemshikia mkoba.

Twalib 20:22
Hadithi ya Marafa, watu wa Nyari waliogea maziwa, Mungu akawadidimiza. Sisi tulipewa chai ya rangi na 1,500 ikadidimia vilevile 😭

Zuhura 20:24
_Ujumbe huu umefutwa_

Zuhura 20:25
Nimefuta kwa sababu nina adabu zangu. Turudini mtoni.

Mwanaisha Mombasa 20:30
Jamani, huko hakuna viboko?

Twalib 20:31
Yuko mmoja, ameandika mkubwa 300.

Salim 20:31
😂😂😂

Mwanaisha Mombasa 20:33
Nina mtoto wa miaka sita. Nijibuni.

Salim 20:40
Omari, bakuli letu la pilau liko kwenu tangu Idi. Mama ameniuliza tena leo.

Kadzo wa Salim 21:12
Mie nakuja, lakini nipeni dakika kumi pale darajani. Ng'ambo ile ndiko serikali ya Mwingereza ilikowatoa wazee wetu Wagiriama kwa nguvu 1914, vita vya Mekatilili. Bibi yake mama alivuka mto na kuku wawili, kapu hakuruhusiwa kurudia. Nataka watoto wangu wasimame wapatazame.

Zuhura 21:14
Karibu sana Kadzo. 300.

IJUMAA

Ami Athmani 05:52
Assalam aleikum warahmatullah. Nimesoma yote baada ya sala. Mwanaisha ameuliza mara mbili, mkamjibu kwa kicheko. Viboko wapo. Usiku wanatoka mtoni kula majani, alfajiri ndio wanarudi majini, na mapito yao ndiyo hayo mnayotaka kupita nyinyi. Kiboko akikukuta umesimama baina yake na maji hakuzunguki. Saa kumi na moja u nusu hapana. Ni saa moja na nusu, jua limeshapanda, na mkae mbali na ukingo kwa sababu mamba nao wapo. Watoto katikati. Twalib mbele, na mdomo aufunge.

Tena Jumapili ni bamvua, maji hujaa na kupwa sana. Maji yatakupwa saa nne kwenda saa tano, kisha yanarudi kwa kasi. Ikifika saa saba muwe mmeshatoka mikokoni.

Na timboni msishuke.

Twalib 06:10
Shikamoo ami.

Salim 06:11
Shikamoo ami

Rukia 06:14
Shikamoo ami.

Ami Athmani 06:30
Marahaba.

Zuhura 06:41
Shikamoo ami. Saa moja na nusu, tumesikia. Timboni nilitaka wasimame chini tu wauone ukuta, alama za mitaimbo bado zipo, mistari mistari kama imepitishwa kitana. Wajue nyumba ya Bi Mkubwa ilikatwa wapi.

Ami Athmani 06:58
Wataona kwa juu. Na huko juu msikaribie mdomo wa shimo, jiwe lile limeliwa kwa ndani. Chini hapana. Nilikata mawe pale miaka saba na nilikuwapo siku ile.

Rukia 11:37
Ami, na tanuu la chokaa bado lipo?

Ami Athmani 12:05
Lipo nyuma ya mkwaju mkubwa. Tulipanga magogo chini, mawe juu, likawaka mchana na usiku, kisha tukaliacha mvua ilipige mpaka mawe yawe unga. Sasa utaona duara jeupe tu, nyasi hazioti.

Zuhura 17:20
Waliolipa ni Kadzo, Mwanaisha, Salim. Rukia?

Rukia 17:48
Nikiona hesabu ya Marafa.

Twalib 17:50
Mie nitalipa darajani. Kama nitapewa ruhusa ya kusema.

JUMAMOSI

Fatma Kisumu Ndogo 13:02
Samahani simu ilizimwa. Jumapili si arusi ya kina Mwana?

Zuhura 13:03
Arusi ni usiku Fatma!!

Fatma Kisumu Ndogo 13:20
Kupamba ni asubuhi.

Salim 13:22
Lo. Kadzo ameahidi kwenda kupamba.

Omari 21:36
Ami shikamoo. Nikishuka timboni peke yangu, nimsomee baba Fatiha, nipande. Dakika tano tu.

Ami Athmani 22:10
🎤 Ujumbe wa sauti 2:14

Omari 22:19
Nimekusikia ami.

Zuhura 22:25
Kwa hivyo ni tuktuk moja au mbili?