Mtoto wa miaka 12 afundishwe mashairi ya kaburi?

Mama Barani, Malindi
Assalaam aleikum wa Pwani wenzangu. Nauliza, na nataka majibu ya kweli. Mwanangu ana miaka 12. Wiki iliyopita mwalimu aliwapa beti za utenzi wa kale wa Al-Inkishafi wazikariri, zile za mji wa Pate ulipokwisha: majumba ya fahari yamebaki magofu, popo wananing'inia juu, bundi anakoroma katikati ya nyumba, kisha mwenye mali yumo kaburini analiwa na wadudu. Mtoto kazikariri zote. Lakini tangu Jumapili halali mpaka taa iwake, na usiku wa manane huja kuniwekea kidole puani kuona kama napumua. Sisemi utenzi ufutwe. Nasema miaka 12 ni mapema.

Mwamu wa Mkomani
Dada, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir hakutunga ili watu walale usingizi. Alitunga ili moyo uamke. Sisi Lamu beti hizo tumezisikia kwa mama zetu wakipepeta mchele, na hakuna aliyekufa kwa hofu. Tatizo ni nyinyi wa Malindi. Mmekaa na mahoteli mpaka mkalea watoto wa mayai, kisha mnalaumu ushairi.

Kusi
Watoto wa mayai? Hilo ulirudishe kwanza ndipo tuzungumze. Kwani nani kawapa Lamu hati ya ushairi? Hata huyo Fumo Liyongo, shujaa wa tenzi mnayejitapa naye, si wenu. Ni mtu wa Ozi, na kaburi lake watu wa Kipini wanalionyesha mpaka leo. Kipini si Lamu kisiwani. Mmechukua shujaa wa watu mkamvisha kikoi chenu.

Mwamu wa Mkomani
Utenzi wa Liyongo umeandikwa na nani? Muhammad Kijumwa, Mwamu, yaani mtu wa Lamu, mwaka 1913. Bila Lamu mngejua wapi kwamba aliuawa na mwanawe mwenyewe kwa kisu cha shaba? Kaburi ni udongo. Aliyehifadhi maneno ndiye mwenyewe.

Kusi
Aliyehifadhi ni katibu, si mwenyewe. Liyongo aliimbwa karne nyingi kabla Kijumwa hajazaliwa, na walioimba walikuwa watu wa Tana na Ozi pia.

Pwani Moja
Kaburi la Kipini nimelitembelea nikiwa shule. Refu kweli. Sasa la mtoto wa dada yetu mmeliacha wapi?

Mwalimu Mstaafu, Faza
Si kisu, bwana wa Mkomani. Ni sindano ya shaba, naye alichomwa kitovuni akiwa usingizini. Na Al-Inkishafi kwa haki si utenzi: mshororo wa utenzi una mizani, yaani silabi, 8, wa Al-Inkishafi una 10. Hayo madogo. Kubwa ni kwamba mnagombania kaburi mkalipita jambo lenyewe.

Sultani wa Pate alimwahidi yule kijana, mwana wa Liyongo, cheo na kumwoza bintiye akimuua babake. Kijana akaenda kwa babake kuuliza: baba, ni kitu gani kiwezacho kukuua? Liyongo akashuku. Akamwambia waziwazi kwamba kama umetumwa, hao waliokutuma watakuhadaa. Kisha, baada ya kusema hivyo, akamtajia sindano. Huyu ndiye mtu aliyetoroka gerezani kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa, yaani makapi ya nafaka, ngoma ya gungu ikipigwa nje ili mkereso wa chuma usisikike. Mtu mwerevu namna hiyo, akamkabidhi mwanawe kifo chake kwa mdomo wake.

Nimefundisha kisa hiki miaka mingi, na kila mwaka nilisimama hapo nikauliza darasa: kwa nini alisema? Siku moja msichana wa dawati la nyuma, ambaye hakuwa akinyanyua mkono, alijibu, "Alitaka mwanawe achague mwenyewe." Mvulana mmoja akampinga: hapana, mzee alichoka kukimbia. Kengele ya kwenda nyumbani ikalia na hakuna aliyeshika mkoba. Walikuwa na miaka 12 na 13. Mimi kwa hao siwezi kusema ni mapema.

Kusi
Mwalimu, kwa heshima zako, yule kijana hakuchagua kitu. Alitumwa na mtu mkubwa mwenye dola. Muuaji ni Sultani.

Mwamu wa Mkomani
Sindano ilikuwa mkononi mwa Sultani?

Kusi
Alimwendea babake kitandani akaogopa, akarudi. Mpaka Sultani akamtumia barua ya kumhimiza. Anayetaka kwa moyo wake haandikiwi barua.

Mwalimu Mstaafu, Faza
Hapo umesema neno. Lakini zile mara alizorudi zinaonyesha pia kwamba mlango wa kurudi ulikuwa wazi. Ndiyo maana siwezi kumfutia, na siwezi kumchukia.

Abu Twalib
Haya yote ya nini? Mtoto apewe utenzi wa Mwana Kupona, wasia wa mama kwa bintiye. Hakuna popo, hakuna bundi, ni adabu tupu. Na mabinti wa siku hizi wakiusoma ndoa zitatulia.

Bint Langoni
Nilijua tutafika hapa. Kila mjadala wa ushairi lazima mwanamume mmoja atoe Mwana Kupona mfukoni kama fimbo. Umewahi kuusoma wote, shekhe, au umesoma pale pa radhi tano, ya Mungu, Mtume, baba, mama na mume, ukafunga kitabu? Yule ni mama aliyekuwa mgonjwa. Mwaka 1858 anamwita bintiye, anamwambia akae karibu na wino na karatasi, na miaka michache baadaye hayupo duniani. Mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, alikuwa ameshatangulia. Unaita adabu tupu, nami naona mama anayehesabu pumzi, anamwachia mtoto kila alicho nacho kabla hazijakwisha. Usiponiletea hilo, usiniletee Mwana Kupona.

Abu Twalib
Usinilishe maneno, dada. Sikusema fimbo. Nimesema ndoa.

Bint Langoni
Umesema mabinti. Hukusema wanaume wasome nini.

Mama Barani, Malindi
Nimesoma yote. Bwana wa Mkomani, nilitaka kunyamaza lakini neno la watoto wa mayai limenikaa kooni. Baba yake mtoto huyu alikuwa mvuvi. Alitoka kusi la mwaka juzi na wenzake wawili, na mashua ikaonekana imepinduka, watu hawakuonekana. Hatuna kaburi. Mwanangu anakariri beti za mtu kulala mchangani akiliwa na wadudu, ananiuliza, "Mama, baba naye?" Nimjibu nini? Ndiyo sababu niliuliza. Hofu ya utenzi ningeiweza.

Kusi
Pole sana, mama. Mungu amrehemu. Nasi tumekaa hapa kugombania kaburi la Liyongo.

Mwamu wa Mkomani
Dada yangu, nimekukosea. Neno lile nalirudisha mbele ya wote. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, nami nilitia mdomo nisipopajua. Juu ya beti, bado naamini zinafaa. Ila mwalimu alipaswa kujua ni mtoto wa nani anayempa.

Bi Mkubwa, Lamu
Mwanangu wa Malindi, pole. Yeo nimesomewa maneno yako na mjukuu wangu. Mimi nilipelekwa Pate na baba ningali mdogo, miaka 10 pengine. Magofu yale watu wamelima tumbaku kati yake. Baba akanisimamisha mbele ya ukuta wenye madaka, vile vishubaka vya kuwekea vyombo, safu juu ya safu, na penye chokaa pana vishimo vya mviringo. Akanishika mkono, akatia kidole changu ndani ya kishimo kimoja, akasema hapa palikuwa na sahani ya Uchina. Ilikuwa laini ndani, kama bakuli. Kisha akaanza Al-Inkishafi polepole, na alipofika penye ndege waliolala madakani, ndege akaruka kweli. Sikuogopa, kwa kuwa mkono wangu ulikuwa ndani ya wake. Mtoto wako kazipata beti hizo peke yake kitandani.

Bint Langoni
Bibi, umenitoa machozi.

Abu Twalib
Allah amrehemu mzee, na baba wa mtoto pia. Lakini sahani zile nyingine zilikuwa za Uajemi, si Uchina zote.

Mwalimu Mstaafu, Faza
Abu Twalib, siyo sasa.

Mama Barani, Malindi
Shukrani, bibi. Nimemsomea. Amenyamaza kidogo, kisha akauliza kama vile vishimo bado vipo na kama mtu anaruhusiwa kuvigusa.

Bi Mkubwa, Lamu
Vipo. Mlete likizo. Mpande basi mpaka Mokowe, mje kwangu Langoni mlale. Mashua ya Pate hungoja mai kujaa, bila hivyo haipiti mkondo wa Mkanda, kwa hiyo hatutaondoka alfajiri lazima. Mwambie achukue kofia. Kule juani hakuna kivuli ila cha kuta.