Kliniki imemng'oa mzee wangu meno, bandia zapwaya, jibu lao eti "atazoea"

Jamani watu wa Mombasa nisikizeni maana haya yamenifika kooni. Babangu aling'olewa meno ya chini yote yaliyobaki kwenye kliniki moja mjini akawekewa bandia, tukalipa taslimu bila kelele. Mwanzo sawa. Sai ile ya chini akikohoa tu yaruka, mahamri mpaka ayarovye kwenye chai, mishkaki ndo ashaisamehe kabisa, na mzee wa Kibokoni bila mishkaki we waonaje??

Tukirudi watwambia atazoea, nunueni gundi ya kubandikia meno. Atazoea nini na ufizi umejaa vidonda! Mpaka nikampeleka kwa daktari mwengine ndo naambiwa kitu ambacho kilifaa kusemwa kabla koleo haijaingia mdomoni, kwamba jino likitoka mfupa wa taya waanza kupungua, na mwaka wa kwanza ndo wapungua kwa kasi zaidi, kwa hivyo bandia iliyokaa sawa leo itakuja kupwaya na yataka kujazwa upya kwa ndani. Ya juu angalau yajishika kwenye kaakaa, ya chini haina pa kushika na ulimi waisukuma siku nzima. Hawa hawakuyajua haya? Waliyajua.

Haya, tukauliza implanti, zile skrubu za titani zinazotiwa ndani ya mfupa. Wale wa kwanza: "mzee ashazeeka, haiwezekani." Hata eksirei hawajapiga! Na umri peke yake haumzuii mtu. Wengine huko Nyali ndo balaa zaidi, wako tayari kumuwekea mdomo mzima bora ulipe nusu kwanza, hakuna aliyeuliza kama ana sukari. Na anayo! Sukari isiyotulia kidonda chachelewa kupona na implanti yaweza kukataa kushika, sigara pia hivyo hivyo. Huyu daktari wa mwisho ndiye pekee aliyetaka kipimo cha sukari cha ile miezi 3 na picha ya taya, akasema mfupa ukitosha huenda 2 tu za chini zikabana bandia kwa vifungo, alafu ni kungoja miezi kadhaa mfupa ushikane nazo.

Sasa nauliza, kuna aliyewahi kuipeleka kliniki kwa KMPDC, lile baraza la kusimamia madaktari na madaktari wa meno Kenya, akasikizwa, ama ni kupoteza nauli tu? Na nyinyi wauza gundi inbox yangu muiache.