Naomba ushauri: nihamie Tanga na kazi yangu ya Berlin?

Habari za saa hizi wakubwa. Mimi ni mtoto wa Ngamiani, Tanga, ila mwaka wa sita huu nipo Berlin naandika programu za kompyuta. Bosi amekubali nifanyie kazi nyumbani mwaka mzima. Saa hazinitishi: Berlin ikiwa saa tatu asubuhi, Tanga ni saa nne wakati wa kiangazi chao, saa tano wakati wa baridi. Nitakuwa nimeshakunywa chai na mkate wa kumimina.

Kinachoninyima usingizi ni umeme na intaneti. Likizo iliyopita niliingia kikao cha video, ndiyo kwanza naanza kueleza hitilafu niliyoitafuta siku 3, umeme ukakatika. Laptopu ilikuwa na chaji, kumbe ruta ndiyo imezimika. Nikahamia kwenye bando la simu, narudi hewani wenzangu wanaagana. Mama akaniuliza, "Kwani hao Wajerumani hawajui umeme hukatika?"

Mlioko Tanga mnaofanya kazi za namna hii: kati ya Raskazone na Chumbageni, wapi intaneti imetulia? Betri ndogo ya ruta inatosha, au nifunge sola kabisa? Na kodi ya mapato je? Nikifikisha siku 183 ndani ya mwaka nahesabika mkaazi, na mshahara unalipwa Ujerumani. Aliyepitia hili alianzia wapi?

Halafu, jirani keshaleta redio yake kwa mama, anisubiri niitengeneze. Nikatae vipi bila kuonekana naringa?