Nashona sare za watoto bure kwa sababu ya imani yangu, mafundi wenzangu wamenuna. Naombeni ushauri

FundiTukuyu

Habari za jioni wanajukwaa. Niko Tukuyu, mvua imenyesha tangu saa nane na umeme ndiyo kwanza umerudi, kwa hiyo nivumilieni uzi ukiwa mrefu.

Mimi ni mama wa watoto wawili, fundi cherehani. Nimelelewa Moravian kama wengi wa huku. Wamisionari wao walifika Rungwe mwaka 1891 na mama yangu hadi leo hakosi ibada. Nilipokuwa Dar es Salaam nikitafuta maisha nilibatizwa katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Wengi mnatuita Wamormoni. Siyo tusi, ila tangu Russell M. Nelson, aliyekuwa Rais wa kanisa letu, alipotuomba mwaka 2018 tulitumie jina lenyewe, najitahidi kuliandika lote.

Miaka mitatu iliyopita nilirudi nyumbani kumuuguza mama. Mtaani kwetu waumini wa kanisa hili ni mimi na wanangu, tawi liko mbali na nauli siyo ya kila wiki. Kwetu hakuna mchungaji wa mshahara. Kila muumini hupewa wito wake: huyu anafundisha watoto, yule anaongoza nyimbo, mwingine anatembelea wagonjwa. Dar nilikuwa nafundisha watoto. Huku hakuna wa kuniita. Karibu mwaka mzima nilijiona kama jembe lililochomekwa darini. Kisha nikasoma tena Mafundisho na Maagano 60:13, kimoja cha vitabu vyetu vya maandiko, pale Bwana anapokataza kupoteza muda bure na kuzika talanta isijulikane. Talanta yangu mimi iko kwenye vidole.

Januari mwaka jana akaja bibi mmoja na mjukuu wake wa darasa la pili. Sketi ya bluu ilikuwa ya dada yake, imekunjwa kiunoni mara mbili na kubanwa kwa pini. Pini ilikuwa imemchubua ubavuni, na mtoto alikuwa anasimama ameinama upande mmoja ili isimguse. Bibi alitaka niipunguze tu, mkononi ana shilingi elfu moja. Nilimpima mtoto, nikamshonea mpya kwa kipande cha tetroni kilichokuwa kimebaki, nikaacha pindo la vidole vinne ili akirefuka lifumuliwe. Elfu moja nikamrudishia. Wiki ile ile wakaja wengine sita. Mwaka jana nilishona sare 11, mwaka huu 23, kitambaa nanunua mwenyewe.

Sasa mafundi wenzangu wa kibarazani hawanisalimii. Wanasema nimewaharibia Januari. Mzee mmoja wa kanisa la jirani amewaambia wazazi kwamba nawavuta watoto kwa sketi. Na mimi mwenyewe nimechoka. Nakaa kwenye cherehani hadi saa saba usiku, na mwezi uliopita nilichelewesha gauni la sendoff la binti wa watu. Alilia mbele yangu, na alikuwa na haki ya kulia.

Kuna na hili. Kwenye misiba sinywi chai wala kimpumu, pombe yetu ya kienyeji, kwa sababu ya Neno la Hekima, sheria ya afya ya kanisa letu, na sasa watu wanaunganisha yote: hanywi chai yetu, halafu anagawa nguo, ana lake. Inaniuma, maana ada yangu ya shule ililipwa na shamba la chai la mama, ekari moja tu, na majani nilichuma kwa mikono hii hii.

Niache? Nipunguze? Nifanyeje?

---

Mkasi wa Mwanjelwa

Dada, mimi ni fundi pia, hapa Mbeya mjini, na nitakwambia ukweli ingawa hutaupenda. Januari ndiyo mavuno yetu. Fundi anayeshona sare kumi kwa wiki ndiye anayelipa kodi ya kibanda na ada ya wanawe. Wewe ukishona 23 bure, kuna mwenzako pembeni yako amekosa. Sisemi umefanya dhambi. Nakuuliza tu: kabla hujaanza, ulikaa nao ukawaeleza? Maana mimi ningeelezwa, ningeelewa. Nikiona tu wateja wanahamia kwako, nitanuna kama wao.

Halafu lile gauni la sendoff. Yule binti alikulipa. Kazi ya mtu aliyekulipa ikiharibika kwa sababu ya sadaka yako, sadaka hiyo umeitoa mfukoni mwake.

---

FundiTukuyu

Sikukaa nao. Niliogopa wangeniona najisifu. Nashukuru kaka, umenigusa mahali penyewe.

---

Kihesa

Dada yangu katika injili, salamu kutoka Iringa. Nilipofika kwenye pini ya yule mtoto nilisimama kidogo kusoma.

Naomba nikukumbushe jinsi Muungano wa Usaidizi wa Akina Mama, umoja wa wanawake wa kanisa letu, ulivyoanza, maana ni habari ya fundi kama wewe. Kule Nauvoo, Illinois, Marekani, mwaka 1842, wanaume walikuwa wanajenga hekalu na nguo zao zimechakaa. Margaret Cook alikuwa mshonaji. Mikono anayo, kitambaa hana. Akamwambia Sarah Kimball, ambaye alikuwa na uwezo wa kununua kitambaa. Wakakubaliana, wakaona wawaite na majirani wengine, na jambo likakua hadi tarehe 17 Machi mwaka huo wanawake 20 wakakutana na Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa, na muungano ukaundwa, mkewe Emma Smith akiwa rais wa kwanza wa muungano huo. Tazama hapo: kitambaa cha mmoja, mikono ya mwingine. Wewe umebeba vyote viwili, na usiku umeuongeza juu yake.

Andiko ulilosoma ni la kweli, ila lisome pamoja na sehemu ya 82, mstari wa 18. Pale talanta inakuzwa ili iingie kwenye ghala ya Bwana, iwe ya wote. Na Mfalme Benyamini wa Kitabu cha Mormoni, baada ya kuwahimiza watu wake wawape maskini, anawaambia mambo yote yafanyike kwa hekima na utaratibu, kwamba mtu hatakiwi kukimbia kuliko nguvu zake. Ni Mosia 4:27. Mimi mstari huo nimeuandika ndani ya jalada la maandiko yangu tangu mwaka nilioanguka kwa kuchoka, na sikuuandika kwa urembo.

Ushauri wangu: tafuta mwenye kitambaa. Mwenye duka, mfanyabiashara wa ndizi, mtu yeyote mwenye moyo, wa kanisa lolote. Kisha ufundi ugawane na wale wa kibarazani, na walipwe hata kama ni nusu. Majina ya watoto yatoke kwa mwalimu mkuu, yasitoke kwako. Hapo hakuna atakayesema unachagua wa kuwavuta.

---

Ngano ya Njombe

Mimi nauliza bila ugomvi. Hivi kweli hamna lengo la kuwabatiza hao watoto baadaye? Maana kanisa lenyewe ni geni, na vijana wenu wawili wawili wenye mashati meupe tunawaona mjini.

---

FundiTukuyu

Nakujibu bila ugomvi pia. Kanisa lilianzishwa New York mwaka 1830 na hapa Tanzania limetambuliwa rasmi tangu 1992, kwa hiyo ugeni wake naukubali, hasa kwa huku kwetu. Vijana wale ni wamisionari, kazi yao ni kufundisha na hawaifichi. Mimi sikatai kuulizwa habari za imani yangu, na anayeuliza nitamjibu kwa furaha. Lakini hakuna mtoto aliyepewa kitabu pamoja na sketi, na mtoto wa kwetu habatizwi bila ridhaa ya wazazi wake. Siku ile sikuwaza ubatizo. Niliwaza pini.

---

Ngano ya Njombe

Nimekuelewa dada. Ila mzee wa watu hajui hayo. Mfuate umwambie.

---

Mama wa Itete

Ugonile mwanangu. Mimi ni mtu mzima, miaka 67, na hii simu kanishikia mjukuu.

Huyo mzee usimsubiri kwenye mkutano. Nenda nyumbani kwake jioni, upige hodi, umwamkie kama binti, usiende na maneno mengi. Mwambie: baba, nimesikia una wasiwasi na mimi, nimekuja uniulize. Mzee wa Kinyakyusa akifuatwa nyumbani kwake kwa heshima hawezi kukufukuza. Na umpeleke mama yako, kama ana nguvu ya kutembea.

Habari ya chai msibani. Mume wangu alipofariki watu walijaa siku nne, na masufuria ya chai hayakutoka motoni. Sikumbuki nani alikunywa na nani hakunywa. Namkumbuka binti mmoja aliyefika alfajiri kwenye ukungu ule, akaosha vikombe vyote vya jana kwa maji ya baridi, vidole vimekakamaa. Wewe usikae kwenye mkeka ukakataa kikombe mbele za watu. Kikombe kilichokataliwa kinaonekana. Nenda jikoni mapema, mwambie mama wa jikoni kwamba wewe unakunywa maji ya tangawizi au mchaichai, halafu wewe ndiye ushike birika na uwamiminie wenzio. Atakayekunyooshea kidole atakuwa na kikombe ulichommiminia wewe.

---

Kihesa

Mama, ahsante. Sisi tunapobatizwa tunaahidi kulia na wanaolia na kubebeana mizigo, kama walivyoahidi watu waliobatizwa na nabii Alma kwenye Maji ya Mormoni, katika Kitabu cha Mormoni. Sikuwahi kuliwaza birika kwenye ahadi hiyo.

---

FundiTukuyu

Ndaga fijo mama. Nimemsomea mama yangu ulichoandika, akaomba nirudie.

---

FundiTukuyu *(siku tisa baadaye)*

Nimerudi na mrejesho.

Kwa mzee nilienda na mama Alhamisi jioni. Alituweka nje kwenye benchi kama dakika kumi kabla hajatoka. Aliuliza maswali mawili tu: nani ananipa pesa za kitambaa, na kama nawafundisha watoto chochote. Nikamjibu. Hakusema amenikubali. Alimuuliza mama hali ya mguu, akatupa mkungu wa ndizi tuondoke nao. Mama anasema hiyo inatosha kwa sasa.

Kibarazani ilikuwa ngumu zaidi. Niliomba radhi kwanza, kabla ya kueleza chochote. Wawili waliendelea kushona bila kuinua kichwa. Wa tatu, mama mmoja aliyenitangulia pale kwa miaka mingi, aliniuliza pindo naacha vidole vingapi. Nikasema vinne. Akasema kwa tetroni nyepesi vinne vinavuta sketi chini, niache vitatu na nishone mstari wa pili juu yake. Tumekubaliana mwenye duka wa stendi atatoa jora moja mwezi wa kumi na mbili, yule mama atakata, mimi nitashona sketi, kaptula atachukua kijana wake, na ufundi wao nitaulipa nusu bei. Mwalimu mkuu ameahidi orodha, mwisho watoto 15. Zaidi ya hapo nitasema hapana, nimejiandikia kwenye daftari la vipimo.

Binti wa sendoff nimemrudishia pesa yote ya ufundi. Saa nne usiku nafunika cherehani.