Mtandao wa kuhifadhi data "usio na mwenyewe": kanda zangu za harusi nimdai nani?

Waungwana, salaam alaikum. Ninaandika nikiwa na hasira na sitaificha, lakini nitapanga maneno yangu, asije mtu akasema kwamba mwanamke wa Kibokoni anapiga kelele juu ya jambo asilolielewa.

Kazi yangu ni kupiga video za harusi upande wa wanawake. Wenyeji wa Mombasa wanajua uzito wake: usiku wa kupamba simu hukusanywa mlangoni, mwanamume haingii, na bibi harusi huvua buibui kwa kuamini kwamba kitakachorekodiwa kitaonwa na jamaa zake pekee. Kwa sababu hiyo, swali la kwanza ninaloulizwa na kila mama mwenye shughuli huwa si bei, bali ni "Hizi picha zitakaa wapi?" Kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa kabati lenye diski za nje, ambazo chumvi ya bahari ilizila moja baada ya nyingine, mpaka mwaka 2023 zikafa mbili ndani ya mwezi mmoja.

Ndipo akatokea wakala. Alitukusanya wapiga picha kadhaa katika ukumbi wa hoteli, upande wa Nyali, akatulisha sambusa, akatuonyesha ramani ya dunia iliyojaa vitone vya kijani. Kila kitone, alisema, ni mtu mwenye diski tupu aliye tayari kututunzia vitu vyetu. Faili husimbwa kwanza ndani ya kompyuta ya mwenyewe, yaani hufichwa isisomeke bila ufunguo wake, kisha hukatwa vipande, kisha vipande hutawanywa kwa vitone hivyo. Nilipomuuliza kampuni ikifunga milango itakuwaje, alicheka, akaniambia, "Dada, huu mtandao hauna mwenyewe, kwa hiyo hauwezi kufungwa. Akiba haiozi." Nikalipa ada ya miaka miwili, nikapandisha terabaiti tatu, kazi iliyochukua majuma kadhaa kwa intaneti ya nyumbani.

Mwezi Mei 2024 alinipigia binti niliyempigia video ya kupamba miaka mitatu nyuma. Mamake mzazi alikuwa amefariki. Alinena taratibu sana: "Bi mkubwa, sitaki kanda nzima. Nataka tu pale mamangu aliposhika pembe akapiga vugo." Vugo ni ngoma ya wanawake ya harusini, ambayo pembe hugongwa kwa kijiti. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, ampe dadake flashi anipitishie jioni. Nikabonyeza kuteremsha. Mstari wa buluu ulitambaa ukafika asilimia 11, ukasimama, ukarudi sifuri. Nilikaa mbele ya kompyuta hadi adhana ya Alfajiri, na kila mara ulisimama palepale pa 11.

Wakala alisema ni nyaya za intaneti za baharini. Kweli, tarehe 12 Mei mwaka huo nyaya za EASSy na SEACOM, ambazo zote mbili hutia nanga hapa kwetu Mombasa, zilikatika huko pwani ya Afrika Kusini, na Afrika Mashariki yote ikatambaa. Nikasubiri. Nyaya zikatengenezwa, watu wakarudi kutazama mpira kwenye simu zao, na kanda yangu ikabaki asilimia 11. Nikaambiwa nibadilishe programu, kisha nibadilishe kompyuta, kisha nisubiri "mtandao ujipange". Leo simu yake haipokelewi, na kila ninayemwandikia ananijibu kwamba mtandao hauna ofisi.

Basi nikaamua kujifunza mwenyewe, nami nitasema haki: teknolojia yenyewe si uongo. Storj, kwa mfano, ambao ni mtandao mwingine wa namna hii, umewahi kueleza hadharani kwamba hukata sehemu ya faili ikawa vipande 80 na kwamba vipande 29 vyovyote vinatosha kuirudisha, wakati mtu mwenye kipande kimoja mkononi haoni chochote ila takataka. Kwa kazi ya stara kama yangu, hilo ni bora kuliko kumkabidhi mtu diski nzima pamoja na ufunguo wake. Kwa sababu hiyo nilikubali, na sababu hiyo siijutii.

Ambacho wakala hakukisema ni habari ya ukarabati. Diski hufa na watunzaji huchoka, kwa hiyo vipande 80 huwa 60, kisha 45, na kabla havijashuka chini ya 29 lazima mtu fulani avikusanye vilivyobaki, aunde vile vilivyopotea, avipeleke kwa watunzaji wapya. Kazi hiyo haina mwisho na inakula intaneti na umeme kila siku. Nani anailipia? Katika mtandao niliouziwa mimi, watunzaji walilipwa kwa sarafu ya kidijitali ya mtandao wenyewe, iliyokuwa ikichapwa upya kila siku, na wateja tuliotoa pesa taslimu tulikuwa wa kuhesabika. Sarafu iliposhuka thamani, watunzaji wakauza diski zao, na ukarabati ukakosa wa kuufanya.

Hili nimelishuhudia ndani ya ukoo wangu. Mpwa wangu wa Tudor alinunua diski nne awe mtunzaji. Mtandao humpima mtunzaji kwa kumuuliza maswali ya ghafla ili athibitishe kwamba vipande bado anavyo, na akikosa kujibu hukatwa dhamana aliyoweka. Umeme ulipozimika karibu nchi nzima usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, yeye alizimika nao, akakatwa. Zaidi ya hapo, intaneti yake ya nyumbani ilimchanganya na majirani wengi chini ya anwani moja, hivyo walio nje walishindwa kumfikia moja kwa moja hata taa zikiwaka. Siku moja aliketi na karatasi, akaandika tokeni za umeme upande mmoja na sarafu alizopata upande wa pili, akachomoa waya. Simlaumu. Lakini ikiwa kila kitone cha kijani kwenye ile ramani ni kijana mwenye karatasi kama hiyo, usalama wa kanda zangu ulikuwa unategemea hesabu ambayo wakala hakutufanyia pale ukumbini.

Tena tuliringiwa ukubwa: uwezo wa mtandao ni mkubwa mno, na unaongezeka kila wiki! Nimekuja kuelewa kwamba uwezo mtupu ndicho kipimo kibovu kuliko vyote. Tazameni Filecoin, mtandao mwingine wa kuhifadhi data, uliofunguliwa Oktoba 2020. Ulipata nafasi ya kutisha kwa muda mfupi kwa sababu kanuni zake zilimlipa mtunzaji hata kwa diski isiyo na data ya mteja yeyote, alimradi athibitishe kwamba nafasi ipo. Sarafu yake ilipita dola 200 mwezi Aprili 2021, na mwaka 2022 ulipomalizika ilikuwa chini ya dola 5. Mtandao huo haukufa, lakini safari hiyo inaonyesha kwamba bei ya sarafu na haja ya watu ya kuhifadhi vitu ni mambo mawili mbalimbali. Mtandao unaowatoza wateja kwa fedha ya kawaida na kuwalipa watunzaji kutokana na ada hiyo, hata ukiwa mdogo, naamini unaweza kuishi. Unaochapa sarafu ili kulipia makabati matupu ni upatu, umetiwa diski tu.

Kosa langu ninalo, na nalisema kabla hamjanisema: nilizifuta nakala nilizokuwa nazo ili nitumie diski kwa msimu mpya, kwa kuwa niliambiwa nakala ya nyumbani ni ushamba. Wala sikujaribu hata mara moja kuteremsha kanda kubwa. Nilijaribu picha tatu, zikaja upesi, nikaridhika.

Ninachodai ni maneno machache kwa maandishi. Kila kanda yangu imebakiwa na vipande vingapi? Vipo nchi gani, maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ina masharti juu ya kupeleka data za watu nje ya Kenya, na mbele ya wale mabibi harusi mwenye kuulizwa ni mimi? Na ada ya miaka miwili imekwenda kwa nani, ikiwa mwenyewe hayupo? Nanyi mliosajiliwa ukumbini siku ile, teremsheni kanda yenu kubwa kuliko zote usiku huu huu, nzima, kisha mniambie imesimama asilimia ngapi.

Binti atakuja kesho baada ya Alasiri. Nimepata sekunde 40 kwenye simu yangu ya zamani, nilizokuwa nimezikata nimwonyeshe mpambaji maua ya jukwaa. Mamake anaonekana pembeni, mgongo tu, na pembe haionekani.