Bei za soko la utabiri kwenye Counter-Strike: mbona zinaruka kabla sijaona kitu?

kipanga_wa_kona:
Wakuu habari za jioni. Nimezoea mkeka wa mpira, odi nazielewa. Siku hizi nafuatilia Counter-Strike 2, gemu ya kupigana risasi ya timu mbili za watu watano watano, na naangalia bei za Polymarket, soko la mtandaoni la kununua na kuuza utabiri, sijaweka hata senti. Juzi timu moja ilikuwa senti 61, ghafla ikawa 48, huku kwenye skrini yangu bado wako watano kwa watano. Baadaye kidogo ndipo naona wanaanguka watatu. Kuna watu wanaona mbele? Na hiyo 61 niisomeje?

fundi_raundi:
Mkuu, hisa moja inalipa dola 1 timu ikishinda, ikipoteza haulipwi kitu. Ukinunua kwa senti 61, kuna mtu upande wa pili kachukua wapinzani kwa 39. Kwa hiyo soko linaipa timu yako nafasi kama 61 kati ya 100, na tofauti na mkeka unaweza kuuza katikati ya mechi.

Kuona mbele ni kweli kabisa, na hapa naomba unisikilize vizuri. Matangazo ya mechi huchelewa, mara nyingi kwa makusudi, ili mchezaji asinong'onezwe alipo adui. Kuna wanaolipia data inayotoka moja kwa moja kwenye seva, na roboti zao zinanunua kabla picha haijakufikia. Ukibonyeza "nunua" kwa sababu umeona mtu kaangushwa, unanunua kwa aliyeshajua. Inaniuma kuona vijana wanapoteza pesa hivyo wakidhani wana mkosi.

Mimi naangalia bei kabla ya mechi, hasa timu zikishamaliza kupiga marufuku ramani, yaani kila timu kukataa viwanja vya gemu isivyotaka kuchezea. Timu inayotegemea ramani ya Nuke ikinyimwa Nuke, hiyo ni habari. Halafu piga hesabu: timu yenye nafasi ya 60 kwa kila ramani, kwenye mechi ya kushinda ramani mbili inafika kama 65, ya kushinda tatu inafika 68. Ni timu ileile.

mama_wa_gemu:
Naongezea kwa upande wa League of Legends, gemu nyingine ya timu. Fainali ya dunia ya 2024 pale London, timu ya T1 walikuwa nyuma 2-1 mbele ya Bilibili Gaming, na bingwa ni wa kwanza kushinda michezo mitatu. Timu zikiwa sawa, anayehitaji kushinda michezo miwili mfululizo ana nafasi 25 kati ya 100. Walishinda 3-2. Kwa hiyo ukiona senti 25, usisome "wamekwisha".

kipanga_wa_kona:
Asanteni sana. Na mechi za kuuzwa je?

fundi_raundi:
Zipo, mkuu. Agosti 2014 iBUYPOWER, timu kali ya Marekani, ilifungwa 16-4 na NetcodeGuides waliokuwa wadogo kwao. Mechi ilikuwa imepangwa, na watu walikuwa wameweka dau la skini, yaani mapambo ya silaha za ndani ya gemu yenye thamani ya pesa. Januari 2015 Valve, kampuni yenye Counter-Strike, ikawafungia wahusika. Hatari iko kwenye mechi ndogo za kufuzu, ambako mchezaji analipwa kidogo na soko lina pesa kiduchu. Bei ya huko ikiruka usiku na hakuna habari ya mchezaji kuumwa wala kubadilishwa, mimi sigusi. Soma pia masharti ya mechi kuahirishwa, maana baadhi ya masoko hugawa nusu kwa nusu.