Mrejesho: ami yangu aliyetapika damu

Assalaam alaykum. Niliuliza kuhusu ami yangu wa Chake Chake: alitapika damu kidogo, ikakata, choo kikawa cheusi kama lami, na kamera ya tumboni haikuona kidonda. Aliyeniuliza kama aliwahi kupasuliwa mshipa mkuu wa damu, Mungu akulipe. Kweli, aliwekewa mshipa wa bandia India miaka 6 nyuma, nasi hatukuutaja kwa daktari! Sitiskani (picha ya CT ya ndani ya mwili) ya kudungwa dawa mshipani ilionesha hewa pembeni ya mshipa huo wa bandia. Ulishikana na utumbo mwembamba mpaka utumbo ukatoboka, damu ikavujia humo. Damu ile ndogo ilikuwa onyo la kubwa zaidi. Dar wameutoa, maana ulishaingia vijidudu, wakaipitishia damu njia nyingine na kuushona utumbo. Antibayotiki ni za muda mrefu. Jana kaomba uji.